Shajara ya mradi wa kijito: majani kwenye neti na mita sita za ukingo

Januari, Jumamosi ya pili

Haya naanza kuandika, manake nikiyaacha kichwani yatapotea na kwenye grupu ya WhatsApp picha zishapanda juu hazionekani tena. Mradi wenyewe ni kijito kimoja kinachotoka vilima vya Rabai, kinapita mashambani, kinaingia mto Kombeni, na Kombeni nao unakuja kumwaga kwetu huku, hori ya Tudor. Mimi nakaa Mikindani, Mombasa. Maji ya mfereji yakija siku hiyo ni sherehe, yasipokuja ni mkokoteni na mitungi ya lita 20, na hayo ya mfereji ujue yamesafiri, yako yanayotoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200 za bomba, yako ya Baricho kwenye mto Sabaki, yako ya Marere huko Shimba Hills na ya visima vya Tiwi. Tunakunywa maji ya mbali, alafu vijito vilivyo hapa mgongoni mwetu hatuviangalii mpaka siku ya mafuriko.

Tuko watu tisa. Mwalimu mmoja wa sayansi, vijana watano wa Mikindani wanaopanda mikoko, mama mmoja wa Rabai anayesuka mikeka, mzee mwenye shamba pembeni mwa kijito, na mimi. Hao vijana ndio walionivuta. Kila masika mikoko waliyopanda inafunikwa na tope, wanarudi wanapanda tena, inafunikwa tena. Wazee wa huku wanakumbuka mvua ya El Nino ya 1997 na 1998, vile mikoko ya upande wa Mwache ilivyokauka imesimama kwa sababu mchanga na tope lilishuka likaziba mizizi ya kupumulia. Sasa kijana mmoja akasema maneno ambayo yamenikaa: tope hili halitoki baharini, sisi twalipokea tu, twendeni tukaone nani analituma.

Tukapanda matatu mpaka Mazeras, tukashika boda, tukatembea kijito chote kwa miguu kuanzia chini hadi juu. Ilituchukua siku nzima. Juu kabisa kinapita ubavuni mwa msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, pale miti haikatwi, wazee wa kaya hawaruhusu hata kuni, na maji pale ni baridi na unaona changarawe chini. (Misitu ya kaya iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, kaya za Rabai zikiwemo, lakini ilikuwa inalindwa na wenyewe kabla ya hapo.) Ukishuka kama nusu saa hivi, mahindi yamelimwa mpaka jembe linagusa maji. Ukingo umebomoka, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kijito ni kile kile kimoja. Nimeweka kipimajoto mahali pote pawili saa saba mchana, juu kivulini digrii 26, chini juani 31.

Februari, siku ya kwanza ya neti

Mwalimu alikuwa amesoma kuhusu kituo cha utafiti wa maji kule Pennsylvania, Marekani, kinaitwa Stroud, kipo tangu 1967 na wamekaa miaka yote hiyo wakichunguza kijito kimoja kiitwacho White Clay Creek. Hilo lilinigusa sana, watu kukaa na mto mmoja nusu karne na zaidi. Wana njia ya kufundishia ambayo hata mtoto anaiweza: unachukua majani makavu, unayatia kwenye neti, unayafunga majini, unasubiri, alafu unafungua uone nani amehamia. Manake kijito kidogo chini ya miti chakula chake kikubwa hakitoki majini, kinaanguka kutoka juu. Jani likianguka, ukungu na bakteria wanalilainisha, wadudu wanalitafuna, samaki anamla mdudu. Ukikata mti wa ukingoni umefunga jiko la mto mzima.

Kule kwao majani huanguka kwa msimu, wanaacha neti wiki tatu nne. Huku kwetu maji ni ya moto na majani huoza haraka, tukakubaliana wiki mbili. Neti tulipata za vitunguu kwa mama muuza mboga pale Kongowea, bure, alikuwa anazitupa. Tukafunga 12, sita juu sita chini, kila moja na jiwe ndani na kamba ya katani kwenye mzizi.

Februari, kufungua

Hapa tuliharibu na naandika wazi ili mwengine asirudie. Neti saba zilikuwa na majani ya mkuyu na tano zilikuwa na majani ya mwarobaini, kwa sababu siku ile majani ya mkuyu hayakutosha na mwarobaini uko kila mahali. Hakuna aliyefikiria. Mwarobaini! Dawa ya wadudu ya kila shamba la pwani, una azadiraktini ndani, mkulima anaponda majani anapulizia sukumawiki wadudu wasile, na sisi tunayafunga kwenye neti tukiwaalika wadudu waje kula. Mama wa mikeka ndiye aliyeona tulipokuwa tunafungua, akashika jani akaliweka puani akasema "hii si ile ya malaria jamani?" Tukanyamaza wote.

Data yote ya siku hiyo tumeifuta. Kuna aliyesema tuhesabu tu zile saba za mkuyu, lakini tano za mwarobaini zilikuwa karibu zote upande wa chini, kwa hivyo tungekuwa tunasema chini hakuna wadudu na kumbe tumewafukuza sisi wenyewe. Sayansi ya kulinda mto haiwezi kuanza na uongo, hata wa bahati mbaya. Tumeanza upya, mkuyu peke yake, umekaushwa barazani kwangu siku sita.

Machi, kufungua mara ya pili

Siku hii nataka kuikumbuka. Walikuja watoto 14 na mwalimu, gredi ya tano na ya sita. Tuliweka sinia nyeupe za plastiki juu ya mkeka, ukitikisa neti ndani ya sinia yenye maji kidogo kwanza unaona takataka tu, vipande vya majani, unasema hakuna kitu. Alafu ukitulia dakika moja takataka zinaanza kutembea.

Neti ya kwanza ya juu, alitoka mdudu mwembamba kama punje ya mchele, ana mikia mitatu nyuma na ubavuni ana vijani vidogo vinapepea bila kusimama, hivyo ndivyo anavyopumulia. Huyo akiwa mkubwa anaruka siku moja mbili tu anataga anakufa, maisha yake yote ni majini, ndio maana maji yakichafuka yeye ndiye wa kwanza kutoweka. Akatoka mwengine ndani ya kijumba cha chembe za mchanga alichojijengea mwenyewe, amezigundisha chembe kwa hariri ya mdomoni, kijumba chenyewe hakifiki urefu wa ukucha, na akitembea anatoa kichwa na miguu sita anakiburuta. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi kuzunguka sinia, hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Kaa wa mtoni tulipata wawili, wadogo, na hawa ni muhimu huku kwetu, kwenye vijito vya Afrika Mashariki kaa ana kazi kubwa ya kusaga majani, kazi ambayo kwenye nchi za baridi inafanywa zaidi na wadudu.

Shida ikaja kwenye majina. Karatasi tuliyoprinti ilikuwa ya Kiingereza na mtoto akiuliza huyu anaitwaje nasoma neno ambalo halimwambii kitu. Mwalimu akawaambia wapeni majina nyinyi. Wa mikia mitatu sasa anaitwa mikiamitatu, wa kijumba anaitwa fundi. Kereng'ende alikuwa na jina lake tayari, ila ilibidi tuwaonyeshe kwamba huyu mnyama mbaya wa majini mwenye taya la kurusha ndiye yule yule anayeruka juu, na kwamba kazi yake moja ni kula viluwiluwi vya mbu. Majina hayo ndiyo nitakayotumia humu.

Kupima tunatumia njia ya Afrika Kusini inaitwa miniSASS, ni vikundi 13 tu vya wadudu na wanyama wadogo, kila kikundi kina alama yake, unajumlisha alama za uliowapata unagawanya kwa idadi ya vikundi ulivyopata, namba ikiwa kubwa ndio maji mazuri. Huhitaji maabara. Juu tulipata mikiamitatu (11), fundi (9), kaa (6), kereng'ende (6), mende wa maji (5) na konokono (4), jumla 41 kwa vikundi sita, yaani 6.8. Chini tulipata mende (5), konokono (4), ruba (2), minyoo (2) na viluwiluwi vya nzi (2), jumla 15 kwa vitano, yaani 3.

Mzee mwenye shamba alikuwa amesimama nyuma ya watoto muda wote, mikono mgongoni. Nikadhani amekasirika, manake sinia ya alama 3 ni ya maji ya shambani kwake. Akainama akamtazama fundi akasema hawa nawajua, nilipokuwa mdogo walikuwa hapa kwangu, tulikuwa tunawatoa kwenye vijumba tunavulia samaki. Akauliza walienda lini. Nami sikuwa na la kumjibu isipokuwa kumuonyesha ukingo.

Aprili, mazungumzo ya mita sita

Hapa ndipo pagumu. Kanuni za maji za Kenya za 2007 zilisema ukingo wa mto usioguswa uwe angalau mita sita kila upande, au sawa na upana wa mto wenyewe mpaka mita 30. Wale wa Stroud nao walipitia tafiti nyingi, 2014 wakasema msitu wa mita 30 hivi kila upande ndio unaolinda mto sawasawa. Mita 30 kwa mzee mwenye ekari mbili ni kumwambia ahame. Hata sita, tulipima kwa hatua, ni mistari minane ya mahindi.

Nilienda na karatasi ya sheria na ilikuwa makosa. Shikamoo, marahaba, nikatoa karatasi. Aliisoma yote polepole, akaikunja akanirudishia, akasema "mwanangu, hii karatasi haijawahi kula ugali." Mazungumzo yakaisha siku hiyo. Aliyeyafungua tena ni mama wa mikeka, alienda peke yake wiki iliyofuata bila sisi. Alimwambia yeye hununua ukindu sokoni, unatoka mbali na bei inapanda, na mkindu ni mti wa mtoni, zamani ulikuwa umejaa hapo hapo ukingoni pake. Akimwachia ukingo mikindu ikakua, yeye atakata makuti machanga kwa zamu bila kuua mti na atamlipa. Mzee alikubali mita sita upande wake, na tupande mabingobingo kwenye mstari wa nje ng'ombe wapate cha kula wasiingie ndani.

Mei, masika

Kulikuwa na ofisi moja iliyotuahidi miche. Ililetwa, miche 150, tukafurahi tukapiga picha, alafu kufungua magunia theluthi moja ni mikaratusi. Mkaratusi ukingoni mwa kijito kidogo unanyonya maji na majani yake wadudu hawayapendi. Hiyo tumempa mtu wa kuni apande mbali kule mlimani. Iliyobaki mia moja tulipanda kwa siku mbili kwenye mvua: mikuyu, mitomondo, mivule michache. Mgongo unauma. Siku tatu baadaye kijito kilifurika kikaja na kila kitu.

Tulitengeneza mrija wa plastiki angavu, mita moja, chini tumebandika kiduara cheusi, unamimina maji unatazama kutoka juu mpaka kiduara kipotee, unasoma sentimita, zikiwa nyingi ndio maji hayana tope. Siku ya mafuriko juu kwenye kaya ilikuwa 41. Chini ilikuwa 9. Mvua ni ile ile, siku moja, saa moja. Hii picha ya mirija miwili nimewatumia vijana wa mikoko na wao wameituma kila mahali.

Juni, Julai

Hakuna la maana, ni kupalilia tu na kufukuza mbuzi. Mwalimu alihamishwa karibu atutoke, ikasimamishwa, alhamdulillahi.

Agosti, kipupwe, kuhesabu

Miche mia tuliyopanda, iliyo hai ni 38. Mingine ilibebwa na maji ya Mei, mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka tu. Nilikaa chini pale nikasikia uchungu kabisa, manake tulikuwa tumechanga pesa zetu za usafiri mara ngapi.

Alafu kijana mmoja, yule yule wa tope, akasema mbona hatuhesabu ile ambayo hatukupanda. Tukashika kamba tukatembea ukingo wote wa mzee, hatua kwa hatua. Mikindu midogo 64. Mikuyu 17, imeota kutokana na mbegu zilizoletwa na ndege na popo. Mitomondo 9 ambayo mbegu zake zilikuja na maji kutoka kaya juu, zikanasa kwenye magugu. Hakuna aliyeichimbia shimo wala kuimwagilia, na mizizi yake ishashika udongo kuliko ile ya kwenye karatasi za nasari ya miche. Kilichofanywa pale ni jembe kukaa nje ya mita sita kwa miezi minne.

Huu ndio msimamo wangu sasa na nimeusema kwenye kikao: tusiombe tena miche. Pesa iende kwenye nguzo, miiba ya kuzungushia, mabingobingo, na kumlipa mtu wa kufukuza mbuzi. Palipo na msitu juu bado hai, ule msitu wenyewe unapanda, sisi kazi yetu ni kumzuia mtu na mnyama. Kupanda tubakishe kwa mahali ambapo juu hakuna hata mti mmoja wa mbegu. Wawili hawakubaliani nami, wanasema wafadhili wanataka picha ya watu wakipanda, na hilo ni kweli, lakini kijito hakioni picha.

Kuna kitu kingine nilikuwa sikielewi mpaka nikaona kwa macho. Stroud walitoa kazi yao 2004, walilinganisha vijito 16 mashariki mwa Marekani, sehemu yenye msitu na sehemu isiyo na msitu ya kijito hicho hicho, wakakuta penye msitu kijito ni kipana zaidi. Nilidhani nyasi zinashika ukingo vizuri basi zatosha. Kumbe nyasi zikipata jua zinajaa zinameza ukingo, kijito kinabanwa kinakuwa kama mtaro, sehemu ya kukaa wadudu inapungua na uwezo wa maji kujisafisha nao unapungua, manake kazi ya kusafisha nitrojeni ya mbolea inafanywa na viumbe vilivyo kwenye sakafu ya kijito, sakafu ikipungua wafanyakazi wamepungua. Upande wa pili wa kijito, ambako hatujaongea na mwenye shamba, ndivyo kulivyo, nyasi zimekibana mpaka unaruka bila kulowa.

Oktoba, neti mara ya tatu

Majani ya mkuyu, wiki mbili, neti 12, hakuna mwarobaini, nimezikagua moja moja mimi mwenyewe. Juu ni karibu vile vile. Chini kwa mzee tumepata wale watano wa zamani na wameongezeka wawili: kereng'ende (6) na yule mdogo wa jamaa ya mikiamitatu anayeogelea kama kisamaki (5). Jumla 26 kwa vikundi saba, 3.7. Kutoka 3. Ni kidogo na mtu wa haraka atasema ni bahati, lakini joto nalo nimepima saa saba mchana, mahali ambapo mabingobingo na mikindu imeanza kuinamia maji ni 29, si 31. Fundi hajarudi bado. Mzee ananiuliza habari zake kila nikifika, kabla ya salamu kuisha.

Sinia ya chini pia ilikuwa na konokono wengi na hapa watoto lazima waelewe. Ukimshika konokono ncha juu, mdomo wake ukutazame, kama mdomo uko kushoto huyo aweza kuwa ni wa jamii inayobeba kichocho cha mkojo, ugonjwa tuliokuwa nao pwani hii tangu zamani. Hupendi kuwatisha lakini ni lazima, kwa hivyo tumeweka sheria: watoto hawaingii majini bila gambuti, neti inatolewa na mtu mzima mwenye gambuti ndefu, na aliyelowa anajifuta hapo hapo kwa taulo kavu.

Novemba, vuli imeanza

Mvua ya kwanza usiku wa Jumanne. Asubuhi nilipanda boda na mrija begani. Juu 44. Kwa mzee 16. Nilipima mara tatu, 16, 15, 16. Mei palikuwa 9. Mvua hii haikuwa kubwa kama ile, hilo nimeliandika pembeni ya namba ili tusije tukajisifu kabla ya masika.

Mama wa mikeka amekata ukindu wa kwanza, mchache, kwenye mikindu mikubwa miwili iliyokuwepo tangu mwanzo. Amesuka kikapu kimoja amempa mke wa mzee. Na mwenye shamba wa ng'ambo, yule wa nyasi, alikuja akasimama ukingoni kwake akatuangalia tukipima, hakusema kitu, lakini alikaa mpaka tukamaliza. Jumamosi mama ataenda kumsalimia. Karatasi ya sheria naiacha nyumbani.

Neti za duru ijayo ziko tayari, majani yanakauka barazani. Kinachokosekana ni gambuti za mtoto, namba tatu. Kuna msichana wa gredi ya sita ambaye ndiye huwa anashika sinia na kuhesabu kwa sauti, na sasa kwa sheria yetu mpya anakaa mbali kwenye mkeka kwa sababu ana ndala tu. Aliye nazo hata kuukuu, bora zisivuje, aniambie nizifuate popote alipo, Likoni, Kisauni, popote.